Mkono Kwenye Gia: Bukoba na Muleba Tangu Wapagazi Hadi Otomatiki

Kutoka Bukoba mjini hadi Muleba ni karibu kilometa 70, na ni nadra gari kukaa tambarare kwa muda mrefu katika safari hiyo. Nchi ya Wahaya imelala kwa migongo mirefu inayofuata ufukwe wa Ziwa Victoria toka kaskazini kwenda kusini, na kati ya mgongo na mgongo kuna bonde la majani na matope. Vijiji, migomba na mibuni viko juu. Bandari na madaraja viko chini. Ukitoka mjini unapanda kwenda Rwamishenye, unapita Kyetema, unafika Kemondo iliko bandari, kisha Muhutwe. Hapo Muhutwe ukikata kwenda Kamachumu, unakutana na mlima wenyewe hasa, ule unaokutoa chini na kukuweka juu ya uwanda wenye baridi.

Magari mengi madogo yanayopita njia hizi leo ni ya otomatiki. Dereva anaweka D, anakanyaga mafuta, basi. Lakini ukipanda na dereva mzoefu wa Noah, utaona mkono wake ukirudi kwenye gia kila mteremko unapokaribia: anazima O/D, kitufe kinachoruhusu gia ya juu kabisa, anashusha hadi 2, pengine hadi L. Abiria aliyezoea barabara za tambarare huenda akadhani mzee huyu hajaielewa teknolojia, kwamba amenunua gari linalojibadilishia gia lenyewe na bado analibadilishia. Historia inasema vingine. Nafasi ya mkono imekuwepo tangu otomatiki ya kwanza ilipouzwa, na waliobuni mashine hiyo waliiacha makusudi.

Mizigo ya kichwa na meli za ziwani

Kituo cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890, alipokuwa akiwatumikia Wajerumani. Wakati huo kila kilichopanda mlima kilipanda kichwani au begani mwa mtu. Mwaka 1907 ofisa Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari, akalivuka bara na kutokea Swakopmund, pwani ya Atlantiki, mwaka 1909. Njia yake ilipita mbali na Buhaya, na gari lenyewe lilisukumwa na kuvutwa sehemu nyingi kuliko lilivyojiendesha.

Bukoba ilikuwa na barabara yake ya maji. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na kuanzia hapo meli ziliiunganisha Bukoba na Mombasa kwa urahisi kuliko njia yoyote ya nchi kavu kwenda Dar es Salaam. Kahawa ilitoka kwa maji. Hata vita vilikuja kwa maji: Juni 1915 Waingereza walivuka kwa meli kutoka Kisumu, wakaiteka Bukoba kwa muda mfupi na kuuharibu mtambo wa mawasiliano ya redio wa Wajerumani, kisha wakaondoka zao.

Lakini meli haipandi Kamachumu. Kahawa ilikuwa lazima ishuke kutoka shambani hadi ufukweni, na kazi hiyo ndiyo iliyolileta lori.

Zama za klachi mara mbili

Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Bukoba, BNCU, kiliundwa mwaka 1950, na magunia ya kahawa yakawa mzigo mkubwa wa malori ya wilaya. Malori ya zama zile hayakumhurumia dereva. Ndani ya giaboksi meno yalikutana bila kitu cha kuyapatanisha kasi. Kupandisha gia kulikuwa na utaratibu wake, na kushusha gia kulikuwa na mtihani wake: dereva alikanyaga klachi akatoa gia, akaachia klachi akiwa nyutro, akapiga mafuta kidogo ili injini ikimbilie kasi ya gia ya chini, akakanyaga klachi tena, ndipo akaingiza. Akikosea, giaboksi ililia kijiji kizima kikasikia, na pengine gia ilikataa kabisa kuingia.

Kukosea huko juu ya mlima kulikuwa hatari. Dereva aliyetoa gia katikati ya mteremko akashindwa kuingiza nyingine alibaki na breki tupu, na breki za dramu za lori lililojaa magunia hazikuweza kulishikilia peke yake. Ndiyo maana utingo alikaa tayari na gogo la kuweka nyuma ya tairi, na ndiyo maana madereva wa malori, hapa kwetu na kwingineko duniani, walirithishana kanuni moja: teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Gia huchaguliwa juu, kabla gari halijaanza kushuka, maana chini nafasi ya kuchagua haipo.

Kanuni hiyo ilifundishwa kwa kukaa pembeni. Kijana alianza utingo, akaosha lori, akabadilisha matairi, akasikiliza injini kwa miaka, ndipo siku moja akapewa usukani kwenye sehemu ya tambarare. Kabla ya kuushika, sikio lake lilikwisha kujua ni wakati gani injini inaomba gia ya chini.

Vita vya Kagera viliongeza magari mkoani kuliko wakati mwingine wowote kabla yake. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Oktoba 1978, na mwezi uliofuata yakalivunja daraja la Kyaka kwenye Mto Kagera. Serikali ilichukua malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi kutoka mikoa mbalimbali kupeleka askari na vifaa mpakani. Madereva waliozoea nyika za kati walijikuta kwenye matope ya Bukoba na vilima vyake. Vita vilipokwisha mwaka 1979, mkoa wa Ziwa Magharibi ukaanza kuitwa Kagera, na nchi ikaingia miaka migumu ya uhaba wa mafuta na vipuri. Aliyekuwa na gari alilitunza kama ng'ombe wa maziwa, na kulitunza kulimaanisha kutoiunguza klachi na kutozimaliza breki. Injini ilitumika kuzuia mwendo kwa sababu pedi za breki hazikupatikana dukani.

Mtu mmoja, dawa mbili

Wakati Buhaya inahangaika na klachi mara mbili, Marekani ilikuwa na mhandisi aliyeuona ugumu huohuo. Earl Thompson alibuni sinkronaiza, kifaa kinacholinganisha kasi ya meno kabla hayajashikana, na kampuni ya Cadillac ikaanza kukiuza ndani ya magari yake mwaka 1928. Kelele za giaboksi zikatulia. Thompson hakuishia hapo. Aliongoza kundi la wahandisi wa General Motors lililotengeneza giaboksi ya Hydra-Matic, iliyoingia sokoni kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Hiyo ndiyo otomatiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi, na haikuwa na kanyagio la klachi kabisa.

Mahali pa klachi palichukuliwa na mafuta. Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa akishughulikia injini za meli, alipata hataza mwaka 1905 ya kupitisha nguvu kutoka shafti moja hadi nyingine kwa njia ya kimiminika. Pangaboi moja linayasukuma mafuta, mafuta yanalizungusha la pili. Kwa kuwa hakuna chuma kinachoshika chuma, injini inaweza kunguruma huku gari limesimama, na gari likaondoka bila kushtuka. Wazo la melini likahamia barabarani.

Inafaa kutazama alama zilizoandikwa kwenye Hydra-Matic ile ya kwanza. Palikuwa na N ya nyutro, Hi ya mwendo wa kawaida, Lo ya gia za chini, na R ya kurudi nyuma. Tangu siku ya kwanza, basi, wabunifu walimwachia dereva nafasi ya kuiambia mashine: sasa usipande gia za juu, baki chini. Walijua kuna milima.

Baadaye jambo hili likawa sheria. Kanuni ya usalama namba 102 ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 1968, ilipanga mfuatano wa nafasi za gia na kutaka nyutro iwe kati ya gia ya mbele na ya nyuma. Kanuni hiyohiyo iliagiza kwamba gari la otomatiki lenye gia zaidi ya moja za mbele liwe na nafasi inayoifanya injini izuie mwendo zaidi ya gia ya juu, gari linapokwenda chini ya kilometa 40 kwa saa. Kwa hiyo L na 2 zina msingi wa kisheria. Zimewekwa kwa ajili ya kuteremka, na kiwanda chochote kilichotaka kuuza Marekani kililazimika kuweka walau moja.

Toka Japani hadi Muleba

Otomatiki ilifika Kagera kwa wingi kupitia Japani, na sababu zake nyingi zilikuwa za Wajapani wenyewe. Mwaka 1991 Japani ilianzisha leseni ya udereva ya magari ya otomatiki tu. Mtu aliweza kujifunza na kutahiniwa bila kugusa klachi, na wengi wakachagua njia hiyo. Kufikia miaka ya 2000, zaidi ya magari tisa kati ya kumi mapya ya abiria nchini humo yalikuwa ya otomatiki. Ukaguzi wa lazima nao, unaorudiwa kila miaka miwili baada ya ule wa kwanza wa miaka mitatu, una gharama, hivyo wenye magari wengi huona heri kuliuza la zamani kuliko kulilipia. Magari mazima yenye usukani wa kulia yakawa yanatafuta nchi zinazoendesha kushoto.

Tanzania ilikuwa imefungua mlango. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika madaraka mwaka 1985, biashara ililegezwa zaidi. Gari ambalo zamani lilikuwa la shirika, la misheni au la mfanyabiashara mkubwa likaanza kuwa la mwalimu na la mwenye duka.

Kagera ilichelewa kidogo kwa sababu ya njia. Kwa miaka mingi, mabasi ya Dar es Salaam kwenda Bukoba yalizunguka kupitia Nairobi na Kampala na kuingilia Mutukula, maana barabara ya ndani ya nchi ilikuwa mbaya. Wengine walikwenda Mwanza kwa reli au barabara, wakavuka kwa meli. Kuzama kwa MV Bukoba karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, pamoja na mamia ya watu, kuliacha msiba katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba na kuwafanya wengi waiogope safari ya maji. Lami ilipojengwa kwa vipande katika miaka ya 2000 na kuendelea, kutoka Mutukula hadi Bukoba, Muhutwe, Muleba, Biharamulo na Lusahunga, mtu aliweza kulichukua gari bandarini Dar es Salaam na kuliendesha mwenyewe hadi kwao. Njiani alionja mlima Sekenke mkoani Singida. Alipofika Muleba alikuta milima mingine inamsubiri.

Gari lilifika na kitabu chake cha maelekezo ndani ya droo, kwa Kijapani. Kitabu hicho kilieleza lini kutumia 2, lini L, lini kuzima O/D. Karibu hakuna aliyeweza kukisoma. Aliyefundishwa udereva kwa gari la otomatiki aliambiwa P ni kuegesha, R ni kurudi nyuma, N ni nyutro, D ni kwenda, na herufi zilizobaki akaambiwa aachane nazo. Hivyo nusu ya maarifa ya gari hilo ilibaki Japani, na nusu ya maarifa ya mlima ilibaki kwa madereva wa malori waliozeeka.

Mashine isiyoona mbele

Kinachotokea mlimani kinaeleweka vizuri. Giaboksi ya otomatiki ya kawaida huamua gia kwa mambo mawili makubwa: kasi ya gari na kiasi ambacho mguu umekanyaga mafuta. Kwa hesabu hiyo inafanya kazi vizuri sana Kashai au Hamugembe. Lakini dereva akiwa juu ya Kamachumu anaanza kushukia Muhutwe, anaondoa mguu kwenye mafuta. Giaboksi inasoma kwamba mwendo ni mzuri na nguvu haihitajiki, nayo inapandisha gia hadi ya nne. Gia ya nne ndiyo inayoifanya injini izunguke taratibu kuliko zote, kwa hiyo ndiyo yenye uwezo mdogo kabisa wa kulizuia gari. Mashine imefanya sawasawa na ilivyoagizwa, ila haikuiona kona iliyo mbele. Dereva anaiona.

Kazi yote ya kuzuia inaangukia breki. Chukua gari la kilo 1,500 pamoja na abiria, lishuke kimo cha mita 200 bila kuongeza kasi. Nguvu ya mlima inayobidi igeuzwe joto inatosha kuchemsha karibu lita tisa za maji ya kawaida. Joto hilo linaingia kwenye pedi, diski na dramu, na kutoka hapo linapenya hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya kwa muda, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi kufikia 140. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na si wengi wanaokumbuka kubadilisha mafuta ya breki. Yakichemka, mapovu yanaingia kwenye mabomba, na kanyagio linazama hadi chini bila kushika.

Ukishusha hadi 2, injini inalazimika kuzunguka kwa kasi na kuvuta hewa kupitia njia iliyofungwa na klapu ya mafuta. Kazi hiyo ya kuvuta inalipunguzia gari mwendo. Joto linatoka kwa rejeta na bomba la moshi, vyombo vilivyotengenezwa kulihimili muda wote, na breki zinabaki baridi kwa ajili ya mtoto atakayevuka ghafla. Wanaodhani injini ikinguruma inakunywa mafuta wanakosea: magari ya sindano za kielektroniki hukata mafuta kabisa pale gari linapoiburuza injini na mguu haupo kwenye mafuta. Anayeweka nyutro ili abane matumizi ndiye anayeilisha injini ili isizime, na amejiondolea msaada wake.

Kupanda nako kuna somo lake. Noah lililojaa abiria na mikungu ya ndizi, likiachwa kwenye D na O/D ikiwa wazi, huingia gia ya nne, likashindwa, likarudi ya tatu, likapata kasi, likajaribu ya nne tena. Kila mabadiliko yanayapasha moto mafuta ya giaboksi, yale mekundu ambayo wengi huyaita haidroliki, na joto ndilo adui mkubwa wa giaboksi hizo. Kubonyeza kitufe cha O/D kunaifungia gia ya nne nje, na gari linapanda likiwa limetulia kwenye ya tatu.

Mkono unaporudi

Elimu hii imeenea Kagera kwa njia ileile ya zamani, toka mdomo hadi sikio. Fundi anayeshusha giaboksi iliyoungua humuuliza mwenye gari alikuwa anapandaje. Dereva wa mchomoko, gari dogo la abiria, huelekezwa na mwenzake stendi. Wapo waliogundua kwamba kitufe cha SNOW, kilichowekewa Wajapani wa maeneo ya theluji, hufanya gari liondoke kwa gia ya pili, jambo linalozuia tairi kuzunguka bure kwenye matope ya barabara za ndani za Muleba wakati wa masika.

Viwanda navyo vimerudi kulekule. Mwaka 1989 Ferrari iliingiza kwenye mashindano ya Formula 1 gari la kubadilisha gia kwa vibonyezo vya nyuma ya usukani, na wakati huohuo Porsche ikaleta Tiptronic, otomatiki inayomruhusu dereva kupandisha na kushusha gia moja moja. Leo alama za jumlisha na toa zinaonekana kwenye Harrier, Mark X na Subaru zinazopita Bukoba. Kompyuta za magari mapya huweza kukisia mteremko na kubakiza gia ya chini, na hukataa dereva akiomba gia ambayo ingeizungusha injini kupita kiasi. Giaboksi za mkanda zisizo na gia za hatua zina nafasi ya S, L au B. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, ina B pia, kwa sababu betri ikijaa kwenye mteremko mrefu haiwezi kupokea tena nguvu ya mlima, na injini inabidi isaidie.

Kwa mwenye gari la otomatiki anayeshuka kutoka Kamachumu, mambo yanabaki machache. Apunguze mwendo akiwa bado juu. Azime O/D au ashushe hadi 3, na mteremko ukiwa mkali, hadi 2; L ni ya mwendo wa taratibu sana. Asiguse nyutro. Breki akanyage kwa nguvu ya kutosha, gari lipungue mwendo, kisha aachie zipoe, badala ya kuegemeza mguu safari nzima. Akinusa harufu ya pedi, asimame mahali salama bila kusubiri kufika Muhutwe. Hakuna hata moja kati ya hayo lisilojulikana kwa madereva waliokuwa wakishusha magunia ya kahawa kwa malori ya BNCU. Tofauti ni kwamba wao mashine iliwalazimisha kujua, na ya sasa inamwachia dereva hiari. Ndiyo maana shule za udereva za Bukoba na Muleba zinapaswa kuwapeleka wanafunzi mlimani na kuwafundisha herufi zote zilizo chini ya D, kabla ya kuwapeleka kwenye mtihani wa kuegesha.